Barua ya Uhamisho na Mlango wa Kanzidata

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Dodoma mbele ya maafisa TEHAMA, waandaaji wa programu na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimeyahariri kidogo ili yasomeke.

Mbukwenyi!

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri, maafisa TEHAMA mliofika kutoka halmashauri na taasisi mbalimbali, ndugu zangu wa kampuni binafsi, na nyinyi vijana ambao naona mmegombania viti vya karibu na soketi za umeme: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada yenye jina refu, ulinzi wa kanzidata, yaani hifadhi za rekodi za mifumo yetu, kwa kusimamia utambulisho wa watumiaji katika mawingu zaidi ya moja, yaani kompyuta tunazokodi kwa mtandao. Naomba niianze kwa swali. Afisa wenu akipokea barua ya uhamisho leo saa nne asubuhi, anakwenda Kigoma, ni saa ngapi atashindwa kufungua kanzidata zenu? Kompyuta mpakato atairudisha, funguo za ofisi atazikabidhi, fomu ya makabidhiano atasaini. Nauliza kanzidata tu.

Naona wengine mnatazamana. Ngoja niongeze chumvi: na yule mkandarasi aliyewajengea mfumo mwaka juzi, mkataba ukaisha, mkapeana mikono na soda?

Mji huu unaishi kwa barua za uhamisho. Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, maelfu ya watumishi walikuja na masanduku yao, na tangu hapo watu hawajaacha kuja na kuondoka. Treni ya SGR ilipoanza safari za hapa na Dar mwezi Julai 2024, ndiyo kabisa: mtu analala Nkuhungu, kesho mchana yuko Kariakoo. Lakini mifumo yetu mingi imejengwa kana kwamba mtu akishaajiriwa atazikwa na ajira hiyo. Kumpokea mtu tunajua vizuri sana. Siku ya kwanza anapewa barua pepe, nywila ya kanzidata, na chai. Siku ya kuondoka anapewa zawadi ya saa ya ukutani, na nywila anaondoka nayo kichwani, au mbaya zaidi, kwenye simu.

Tuitazame hiyo nywila inakoishi. Kwanza iko kwenye faili la mipangilio la programu. Pili iko kwenye kompyuta ya kila mtu aliyewahi kulifungua faili hilo. Tatu iko kwenye kundi la WhatsApp la mradi, kwa sababu usiku mmoja mfumo ulikwama, fundi alikuwa msibani, mtu akaomba, akatumiwa. Iko pia kwenye nakala rudufu za seva ya zamani iliyowekwa chini ya meza. Na jina la mtumiaji ni lile lile kwa wote: admin. Siku rekodi elfu kumi zikifutwa, logi, lile daftari la mfumo la nani kafanya nini, itawaambia kwa uaminifu mkubwa kwamba aliyefuta ni admin. Kuibadilisha nayo kunaogopwa, maana hakuna ajuaye ni programu ngapi zitazimika ikibadilishwa.

Mwaka 2024 wateja wa Snowflake, huduma kubwa ya kuhifadhi na kuchambua data, waliibiwa. Wachunguzi wa Mandiant, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza kuwa mashirika yapatayo 165 yalijulishwa kuwa huenda yameguswa. Ukuta wa Snowflake wenyewe haukubomolewa. Wezi waliingia kwa majina na nywila halali zilizokwapuliwa na programu hasidi kwenye kompyuta za watu, na baadhi ya nywila hizo zilikuwa zimeibwa tangu 2020. Miaka minne baadaye zilikuwa bado zinafungua mlango, na akaunti hizo hazikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Kabla ya hapo, mwaka 2016, wavamizi walikuta funguo za AWS, wingu la Amazon, ndani ya hifadhi ya msimbo ya wahandisi wa Uber kule GitHub, wakachukua taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Hao wana bajeti ya usalama inayoweza kujenga barabara ya mzunguko ya mji huu. Nywila isiyokufa iliwaponza vilevile.

Sasa ongezeni mawingu. Sijawahi kukutana na taasisi iliyokaa ikaamua kwa makusudi kutumia mawingu matatu. Yanakuja yenyewe. Mfadhili analeta mradi wa afya ambao tayari uko AWS, Cape Town, kituo kilichofunguliwa 2020. Ofisi ilikuwa inatumia barua pepe ya Microsoft, kwa hiyo mfumo wa mikopo unawekwa Azure, wingu la Microsoft, ambayo iko Afrika Kusini tangu 2019. Kijana wa uchambuzi anapenda zana za Google, na Google nao wamefungua Johannesburg mwaka 2024. Halafu kuna seva yenu wenyewe, iko chumba cha pili, inapigwa na vumbi la Dodoma. Kila upande una orodha yake ya watumiaji. Mtu mmoja ana majina manne na nywila nne, na akiondoka ni lazima akumbukwe mara nne. Atakumbukwa mara mbili.

Dawa yake imeshajulikana. Watu wote wawe kwenye saraka moja, yaani orodha kuu ya utambulisho wa wafanyakazi, ile inayoguswa na ofisi ya utumishi mtu anapoajiriwa na anapoondoka. Mawingu yote yafundishwe kuiamini saraka hiyo. Na kanzidata zote zikubali tokeni ya muda mfupi, yaani kibali cha kidijitali kinachoisha chenyewe, badala ya nywila.

Fikirieni geti la ofisi pale Mtumba. Mlinzi hakufahamu, hajawahi kuona cheti chako cha kuzaliwa. Unampa kitambulisho cha NIDA, anakiamini kwa sababu anamwamini aliyekitoa. Lakini kitambulisho hicho hakisemi uende ghorofa ya ngapi. Hilo linaamuliwa na wenye ofisi. Na beji ya mgeni unayopewa inaisha jioni. Kazi ni tatu: nani anathibitisha wewe ni nani, nani anaamua unaingia wapi, na uamuzi huo unadumu muda gani. Nywila ya kanzidata imezibeba zote tatu mgongoni, ndiyo maana inaelemewa.

Tusogee karibu zaidi, maana vijana wanataka kuona waya. Chukua PostgreSQL, programu ya kuendeshea kanzidata, iliyoko kwenye RDS, huduma ya kanzidata ya AWS. Ndani ya kanzidata unatengeneza mtumiaji bila nywila, kisha unampa kikundi kiitwacho rds_iam. Kuanzia hapo PostgreSQL haitamkubali kwa nywila. Asubuhi anaingia kwenye saraka ya ofisi kwa hatua mbili, anapata vibali vya muda vya AWS, na kompyuta yake inatengeneza tokeni papo hapo kwa kutia sahihi ya kidijitali. Ukiiona hiyo tokeni ni mstari mrefu wa herufi unaojaa skrini, hakuna wa kuukariri. Unaibandika mahali pa nywila, muunganisho ukiwa umesimbwa, na ina dakika 15 tu za kutumika kufungulia mlango. Hata ikitumwa WhatsApp kwa bahati mbaya, mpaka aliyetumiwa amalize kula imeshakuwa takataka.

Azure jambo ni lile lile kwa sura nyingine. Tokeni inatolewa na Entra ID, saraka ya Microsoft, ile iliyokuwa ikiitwa Azure Active Directory mpaka 2023, na inaweza kudumu hadi kama saa moja. Kuna kitu kimoja Azure wamekifanya ambacho nakipenda sana kwa nchi yenye akina Juma Hassan wengi kama yetu: PostgreSQL yao humtambua mtu kwa namba yake ya kipekee ndani ya saraka, jina peke yake halitoshi. Juma Hassan wa uhasibu akiondoka, akaajiriwa Juma Hassan mwingine mwenye anwani ile ile, huyu wa pili hapati ruhusa za yule wa kwanza. Google nao, kwenye Cloud SQL, huduma yao ya kanzidata, jina la mtumiaji ni barua pepe yake, tokeni ni ya saa moja, na kuna programu ndogo ya kati inayokuombea tokeni mpya bila wewe kuhangaika.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wakija na slaidi zao hawalitaji. Tokeni ya dakika 15 haina maana kwamba mtu atatoka baada ya dakika 15. Tokeni inaulizwa mlangoni tu. Akishaingia, kikao chake kinaendelea mpaka kifungwe, hata tokeni ikifa. Programu nyingi nazo hufungua miunganisho kumi au ishirini na kuitumia tena na tena kutwa nzima. Kwa hiyo yule afisa wa Kigoma, aliyeacha dirisha lake wazi kabla barua haijafika, bado yuko ndani. Kumwondoa ni kazi mbili: kumfuta kwenye saraka asiweze kurudi, na kukata vikao vyake vilivyo hai. PostgreSQL inakupa pg_stat_activity kuona nani yuko ndani na pg_terminate_backend kumtoa. Wekeni hatua hiyo kwenye fomu ya makabidhiano, juu ya mstari wa funguo za ofisi. Na muunganisho uwekewe umri wa juu, ufungwe na kufunguliwa upya, ili programu ilazimike kuomba tokeni mpya.

Nimesema watu. Programu ni wengi kuliko watu, na hawaendi likizo. Kuna kazi inayoamka saa nane usiku Azure, inachota data Cloud SQL, inaandika AWS. Tumezoea kuipa faili la ufunguo wa JSON na kulisahau. Faili hilo halina mwisho mpaka mtu alifute, na ndilo linaloishia GitHub. Njia iliyopo sasa ni programu kuonyesha kitambulisho ilichopewa na wingu inakoishi. Mashine ya Azure ina utambulisho wake. Inaomba tokeni kwa Entra, inaipeleka AWS, AWS inakagua sahihi na kutoa vibali vya muda. Lugha wanayoelewana ni OpenID Connect, kiwango kilichokamilishwa 2014. Hakuna siri iliyohifadhiwa popote kwenye diski.

Lakini soma masharti ya kuaminiana hayo mara mbili. Tokeni hubeba madai: nani ameitoa, imetolewa kwa ajili ya nani, na inamhusu nani. Ukiandika sharti kwamba "mwamini yeyote mwenye tokeni ya GitHub", umefungua mlango kwa kila mtu duniani mwenye akaunti ya GitHub, kwa sababu GitHub ni mtoaji mmoja kwa wote. Ni lazima utaje hifadhi gani ya msimbo, tena na tawi gani. Watafiti wa usalama wamezikuta akaunti kadhaa za AWS za watu zikiwa wazi namna hiyo. Hili linaniudhi kuliko nywila ya WhatsApp, maana mhusika huwa anaamini ameshapona.

Twende ndani ya kanzidata. Ukishajua aliyeingia ni nani, usimpe kila kitu kwa heshima ya cheo chake. Wataalamu wa kompyuta Saltzer na Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila mtumiaji na kila programu ifanye kazi kwa ruhusa chache zinazotosha kazi yake, na mpaka leo mkurugenzi anataka akaunti inayoweza kufuta jedwali. Mkurugenzi anahitaji ripoti. Mpeni ripoti. Ruhusa ziwekwe kwenye vikundi, kama kikundi cha wasomaji wa malipo na kikundi cha waandishi wa malipo, na mtu aingizwe au atolewe kikundini kupitia saraka. Ruhusa aliyopewa mtu binafsi kwa mkono, siku ya dharura, haiondoki. Nendeni mkaangalie.

Mwaka 2019 mvamizi wa Capital One kule Marekani alipitia programu ya ulinzi wa tovuti iliyosanidiwa vibaya, akapata vibali vya muda vya mashine ile, na vibali hivyo vilikuwa vinaruhusiwa kusoma mafaili mengi kuliko kazi yake ilivyohitaji. Waliathirika watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada. Vibali vilikuwa vya muda mfupi, vya kisasa kabisa. Upana wa ruhusa ndio ulioleta msiba.

Sasa nije kwenye kitu kinachotuhusu sisi wa huku katikati ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mnakumbuka siku zile. Sasa chukua ile seva yetu ya chumba cha pili, yenye vumbi. Umeiunganisha na saraka iliyoko ng'ambo, umefuta nywila zote, umefuata ushauri wangu wa leo. Kebo inakatika. Seva iko hatua ishirini kutoka kwenye kiti chako, taa zake zinawaka, na huwezi kuingia kwa sababu anayekujua yuko ng'ambo ya bahari.

Wala si kebo tu. Tarehe 15 Machi 2021 saraka ya Microsoft yenyewe iliyumba kwa saa kama kumi na nne. Ufunguo mmoja wa kutilia sahihi ulikuwa umewekewa alama ya kubakizwa kwa ajili ya uhamishaji kati ya mawingu, mfumo wa kujiendesha ukapuuza alama hiyo na kuuondoa. Kinyume chake nacho kimetokea: mwaka 2023 kundi la wavamizi lililopata ufunguo wa sahihi wa Microsoft lilijitengenezea tokeni na kusoma barua pepe za mashirika yapatayo 25, zikiwemo ofisi za serikali ya Marekani. Ukikusanya uaminifu wote mahali pamoja, umekusanya na hatari mahali pamoja. Mimi bado naona inafaa, kwa sababu mlango mmoja unaweza kuulinda na milango arobaini huwezi. Ila usiingie ukiwa umefumba macho.

Kwa hiyo kila kanzidata muhimu iwe na akaunti moja ya dharura, isiyotegemea saraka. Nywila yake iwe ndefu, igawanywe nusu mbili, kila nusu kwenye bahasha yake, kasiki mbili, watu wawili wasiokuwa kwenye safari moja. Ikitumika, kengele ilie kwenye simu ya mkuu wa kitengo. Na ijaribiwe kila robo mwaka, kwa sababu bahasha isiyofunguliwa huwa na nywila ya seva iliyokwisha kuuzwa chakavu. Baada ya kila jaribio nywila ibadilishwe.

Sheria nitaigusa tu, wanasheria wapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ina masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Siku Tume ikiuliza nani alifungua rekodi ya mgonjwa fulani, jibu la "admin" halitasaidia. Hapa kuna mtego mdogo: hata kama wafanyakazi wanaingia kwa majina yao, programu ya wavuti huingia kanzidata kwa jina lake yenyewe, kwa hiyo logi ya kanzidata itaonyesha programu. Ifundisheni programu ipeleke na jina la aliyebofya, iandikwe pamoja na ombi lenyewe lililopelekwa kwenye kanzidata.

Mtaniuliza tuanzie wapi, maana bajeti ni ile ile. Msianze kwa kununua kitu. Uwezo huu wa tokeni tayari upo ndani ya huduma za kanzidata mnazolipia. Kesho mkifika ofisini andikeni mstari huu kwenye kila PostgreSQL mliyonayo: SELECT rolname FROM pg_roles WHERE rolcanlogin; Itakuja orodha ya majina. Mbele ya kila jina andikeni mtu au programu inayolitumia na simu ya msimamizi wake. Majina yatakayokosa mwenyewe msiyafute siku hiyo. Yafungieni kuingia, msubiri mwezi mzima wa malipo upite, maana kuna kazi zinazoamka mwisho wa mwezi tu. Asipolalamika mtu, futeni. Baada ya hapo chukueni kanzidata moja, isiyo na presha, muihamishie kwenye tokeni kwa watu kwanza. Programu zifuate. Ile ya mishahara iwe ya mwisho kabisa, tena msiiguse tarehe za kati ya ishirini na mwisho wa mwezi kama mnapenda kuishi kwa amani na wenzenu.

Nimezidisha muda, mwenyekiti ananitazama. Dada wa safu ya nyuma amenyanyua mkono tangu nilipotaja kebo, tuanze na yeye. Karibu dada, na mpeni kipaza sauti.